Gauni la Siku ya Kuvua Sare

Chumba cha Cherehani,
Mkabala na geti la shule.
Jumapili ya kwanza ya likizo.

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko? Miguu je, bado inavimba ukisimama wodini kutwa nzima? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia usiiweke kabatini kama pambo, jipake. Sisi huku tu wazima. Mama hajambo, ila sikio lake la kushoto limezidi ukaidi na siku hizi anachagua cha kusikia. Ukimwambia apumzike hasikii, ukinong'ona habari za watu chumba cha pili anasikia zote. Shemeji yako mgongo unamsumbua, na amejitakia mwenyewe, utaona.

Barua yako niliipata, nimeisoma mara tatu. Swali lako la mkataba nimeliona. Unataka nikuambie kama uongeze miaka miwili mingine au urudi mkataba ukiisha mwezi wa nne. Nitalijibu, usiwe na haraka. Kwanza nikupe habari za kufunga shule, maana najua ndizo unazozisubiri, na ndani yake kuna jambo langu mimi ambalo limenikaa kooni.

Shule imefungwa Ijumaa. Wiki ya mwisho ilikuwa vurugu ileile tuliyoijua sisi. Watoto walitoa madawati yote nje wakayasugua, madarasa yakabaki yananuka sabuni na chaki. Mwalimu wa maktaba alikaa mlangoni akidai vitabu, na hakuna aliyepita bila kuulizwa. Sweta zilizopotea tangu mwezi wa kwanza zilianikwa kwenye kamba ndefu, wazazi wakawa wanapita wakigeuza kola kutafuta alama. Mimi sikuhitaji alama, nilizitambua kwa mshono. Moja ilikuwa ya mtoto ambaye mama yake alikula kiapo mbele yangu kwamba imeibiwa. Nilimkabidhi bila kusema neno, na wewe unanijua, kunyamaza kule kulinitoa jasho.

Alhamisi kukawa na michezo. Wazazi nao walikuwa na mbio zao za magunia, na shemeji yako, mtu mzima mwenye mvi, akajitia kijana. Aliruka mara nne. Ya tano alikwenda chini mzima mzima, na mlinzi wa geti ndiye aliyemtoa kwenye gunia. Tangu hapo analala chali na kudai kwamba alikuwa anaongoza.

Nilikukumbuka sana wiki hiyo. Mchana kukiwa kimya nikitazama lile geti, hunijia siku zile kabla hawajajenga ukuta, tukirudi na ripoti mkononi, mimi mbele, wewe nyuma unalia kwa sababu ya hesabu. Baba anatungoja kizingitini. Anavaa miwani, anasoma ripoti nzima kwa sauti, hata mahali palipoandikwa mahudhurio, halafu anaikunja mara mbili na kusema, "Haya, tukale." Hakuwahi kutugombeza kwa ajili ya namba. Siku hizi matokeo yanaingia kwenye simu kabla mtoto hajafika nyumbani, na mzazi anakuwa ameshakasirika mapema. Mwalimu Mkuu bado anatoa na ya karatasi, namshukuru kwa hilo.

Na siku ya kuvua sare bado wanaifanya vilevile. Darasa la saba wanaingia paredi na sare mara ya mwisho, wanaimba, kisha wanakwenda darasani kubadili. Wanatoka mmoja mmoja na nguo ya nyumbani, wanavuka uwanja peke yao mpaka mbele ya wazazi, na kila mtoto anasema kwa sauti nani amemvisha. Yako naikumbuka kuliko yangu. Ulitoka na gauni la njano alilokushonea Mama kwa cherehani hii hii, ukasimama, ukaona watu, kila kitu kikakutoka kichwani. Ukanyoosha kidole ukasema, "Nimevishwa na yule pale." Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Nimekukosa sana, mdogo wangu. Kila mwaka siku hiyo nakukosa, mwaka huu zaidi.

Sasa nije kwa mwanao Chiriku.

Tangu uliposema utamtumia wewe gauni la siku hiyo, safari hii cherehani yangu ipumzike, mtoto mdomo haukumkaa. Darasa zima lilijua. Mlinzi wa geti alijua, na rangi aliijua. Kifurushi kilipofika, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, alikifungua mwenyewe juu ya meza yangu, katikati ya nguo za kwaya ya shule nilizokuwa nashona. Gauni la buluu, kola nyeupe, vifungo vya kunitia wivu hata mimi fundi. Akalinyanyua akaliweka kifuani. Likamwishia mapajani, na mabega yake yakatokeza huku na huku. Kifungo, lilikuwa gauni la mtoto wa darasa la pili.

Hakulia. Alilikunja vizuri, akasema, "Mama bado ananijua nilivyokuwa siku anaondoka," akaenda kuosha vyombo. Siku tatu nyumba ikawa kimya, nyumba yenye Chiriku ndani yake. Ulipopiga simu ukaambiwa ana kazi ya shule. Kazi gani ya shule wakati wa kufunga? Hukuuliza, lakini sauti yako niliisikia ilivyoshuka. Siku iliyofuata mwalimu wake wa darasa akavuka barabara kuja kuniuliza kama mtoto anaumwa. Chiriku alikuwa amemwomba aachwe na sare yake siku ile, asivuke uwanja.

Nami nikuambie ukweli wangu, nilikulaumu. Nilisema maneno. Nilimwambia Mama kwamba huko uliko pamekusahaulisha hata mwanao wa kumzaa. Mama alijitia hasikii, na nilijua kabisa kwamba amesikia.

Siku ya nne nilikaa na lile gauni nione kama mishono ina nafasi ya kufungua. Nikavuta daftari la vipimo, lile la jalada gumu, kila familia na ukurasa wake, tarehe pembeni. Nikafungua ukurasa wetu. Chiriku ana mstari mmoja tu, na tarehe yake ni ya wiki ile uliyosafiri.

Yote yalinirudia. Ulipiga simu saa sita mchana kuuliza vipimo vyake, wateja wamejaa mlangoni, mimi nina pini mdomoni, nikakusomea namba kama nilivyozikuta. Ukauliza, una uhakika dada, mbona kwenye picha anaonekana mkubwa? Nikakuambia picha hunenepesha. Ukauliza tena. Nikakujibu, "Fundi ni nani hapa?" Nawe kwa heshima yako ukaenda kununua nilichokutajia.

Miaka mitano namshonea mtoto huyu na sijawahi kumwekea utepe mwilini. Yumo ndani, anapita mbele yangu asubuhi na jioni, namkatia kwa jicho na nguo inamkaa. Watoto wa watu nawapima na kuwaandika, huyu wa kwetu sikumwandika. Kosa lilikuwa hapo, na ni langu lote. Nisamehe.

Wala usidhani nilikiri palepale. Siku nzima nilijizungusha na pasi, nikitafuta namna ya kulipanua kimyakimya ili jambo lipite. Nikaona haitawezekana. Mtoto angevaa, angependeza, na bado angeamini kwamba mama yake hamjui tena. Hilo lilinitisha kuliko aibu yangu. Jioni nikafunga duka mapema, nikamwita, nikampa daftari asome mwenyewe.

Alisoma mstari wake. Akaangalia tarehe, akahesabu kwa vidole. Akaniuliza, "Kwa hiyo Mama aliuliza?" Nikamwambia uliuliza mara mbili, mimi ndiye niliyejifanya najua. Hapo ndipo alipolia. Alilia kama siku ile tuliyokusindikiza, nami nikamfuata, mpaka Mama akaja kuuliza ni msiba wa nani. Alipomaliza akajifuta na kitambaa cha mteja, akasimama wima akasema, "Nipime."

Mdogo wangu, mtoto amekua. Bega nililipima mara mbili kwa kutouamini utepe. Kiuno kimeanza kuonekana. Urefu ananifika sikioni, na mimi nilikuwa bado namwambia asiguse mkasi mkubwa. Nilikuwa naye siku zote hizo wala sikuona anavyokua.

Gauni lako halikupanuka, mabega hayakuruhusu. Nililifumua lote. Nikatoa kola nzima na vifungo vyote, na sketi yake ikanipa mkanda na mifuko miwili. Mwili niliukata kwenye kitambaa cha rangi ya maziwa nilichokuwa nimemwekea bibi harusi mmoja, naye nitamtafutia kingine. Chiriku alikaa pembeni akivuta nyuzi na kunikosoa, sauti imemrudi. Kwaya ndiyo iliyoumia. Iliimba Ijumaa na pindo za kushikiza tu, na Mwalimu wa muziki hanisemeshi vizuri.

Ijumaa yenyewe tulikaa safu ya tatu, Mama katikati, shemeji yako amesimama nyuma kwa sababu ya mgongo. Watoto wakaanza kutoka. Wengine walikimbia kwa haya, mmoja alikanyaga kamba ya kiatu. Chiriku alikuwa wa kumi na tisa. Alivuka uwanja polepole, kichwa juu, kola yako shingoni, na mwendo wake ni wako mtupu, wa kutupa mkono mmoja zaidi ya mwingine. Akafika mbele, akapumua, akasema kwa ile sauti yake ya kufika barabarani: "Nimevishwa na mama yangu. Mama Mkubwa alikosea vipimo."

Kifungo, wateja wangu wote walikuwa pale. Hakuna mzazi aliyekaa kwenye viti vile ambaye sijamshonea mwanawe sare. Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mwalimu Mkuu aliinama akijifanya anatafuta karatasi, mabega yanamtikisika. Mama, ambaye hasikii, aligeuka akaniuliza ni vipimo gani hivyo. Jana na leo watu watatu wameleta watoto wao kupimwa upya, eti wahakikishe tu. Niliona aibu ya maisha yangu, na sijui ni lini nimefurahi namna ile.

Sasa swali lako la mkataba. Mwaka juzi uliponiuliza hilohilo nilikujibu mara moja: ongeza, mtoto hajambo, hana shida yoyote, niachie mimi. Leo nakuambia nilikujibu vile nilivyokusomea zile namba. Sikupima. Ni kweli anakula, anasoma, anacheka, na ripoti yake nimeiweka humu uone hesabu zake, hakuzitoa kwako. Lakini habari nilizokuwa nakupa zilikuwa za yule mdogo uliyemwacha, kwa sababu ndiye niliyemzoea, na kwa sababu, niseme tu, nilipenda abaki wangu kidogo.

Safari hii sikutaka kukujibia. Nilimwomba aseme mwenyewe. Akachukua daftari langu, akanakili vipimo vyake vipya kwa mwandiko wake, akaongeza mstari chini, akauchana ukurasa na kunikabidhi niutie kwenye bahasha. Nimeusoma. Sina la kuongeza.

Mama anakusalimu, anasema usilale na nywele mbichi. Shemeji yako anakusalimu na kukuapia kwamba alikuwa anaongoza. Mjomba alipita juzi, ameacha salamu na kikapu. Mlinzi wa geti naye anasema gauni lilikuwa la buluu kama alivyoambiwa, ingawa buluu ilikuwa mkanda na mifuko tu. Nisalimie mwenzako mnayekaa naye chumba kimoja, mwambie namshukuru kwa kukuuguza ile mara uliyoumwa.

Mungu akutunze katika kazi zako na usingizi wako, na kila njia utakayoishika aitangulie mbele yako.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni, niliyekukosea, nikupendaye siku zote,

Dada yako.

*

(Ukurasa uliochanwa, kwa mwandiko wa mtoto)

Bega, inchi 14.
Kifua, 31.
Kiuno, 25.
Urefu wa gauni, 39.
Mama, hivi ni vya mwezi huu. Vya mwezi wa nne usimuulize Mama Mkubwa. Njoo unipime.