Bei ya Zege ya Garaji Yako

Kiprono mjukuu wangu,

Hapa Kimumu tuko salama, na babu yako ameacha kukohoa. Huko Nairobi usilale bila kula.

Nilienda kuuliza bei ya zege inayokuja na lori, ile unataka ya sakafu ya garaji unayojenga hapa kwetu. Woi! Ni bei ya ng'ombe mzima wa maziwa! Nikauliza msichana wa ofisi, "Na nyumba iko ndani?" Akacheka: "Mama, ni sakafu tu."

Sasa unauliza kama si afadhali mafundi wachanganye kwa mikono. Nikiwa bibi arusi mpya, babu yako aliita majirani wakachanganya ya stoo. Walipofika katikati nikawaonea huruma. "Njooni mle, ugali inapoa!" Wakala, wakapiga stori. Kurudi, nusu ya kwanza imeshakauka. Sakafu ilipasuka palepale walipoachia. Babu yako hajawahi kunilaumu, lakini kila mwaka anaziba huo ufa.

Hiyo bei bado inaniuma. Lakini lori inamwaga yote mara moja. Ita lori, mtoto wangu. Nitapika, ila sitaita mtu mpaka wamalize.

Kogo wako, mama ya mama yako.