Kanga ya mgombea

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na alizeti tumeshavuna. Unauliza wagombea huwavutaje watu.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulinikuta karani kijana wa kata, hapa Sepuka. Mgombea mmoja aligawa kanga, kisha mpambe wake akawaambia akina mama, "Atakayechukua kanga akampigia mwingine, tutamjua. Sanduku la kura linatuambia."

Mama yangu akanigeukia. "Wewe si umesoma? Eti wanaona?"

Mpambe akanikazia macho. Neno moja lake, kibarua changu kingeota nyasi.

"Hawaoni, mama. Kura ni siri."

"Rudia, karani," mpambe akasema taratibu.

Nikarudia.

Mama akajifunga kanga kiunoni, akamgeukia mpambe. "Basi ahsante, baba. Kanga nzuri!" Wenzake wakaangua kicheko.

Ndipo nikaelewa kwamba kanga ilikuwa chambo tu. Walichogawa hasa ni woga. Wangu haujaisha. Gari geni likisimama nje, bado natazama komeo.

Lakini kanga ile ndiyo uliyobebewa mgongoni, Salma, ukalala.

Babu yako