Mzuka wa Unyayo wa Maren

Jumamosi, 25 Oktoba 1986

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba ulifunge hapa hapa. Kama umeshasoma, neno lisikutoke mdomoni, hasa mbele ya Bi. Haverkamp, karani mkuu. Mimi ni karani mdogo wa mahakama ya kaunti, mwaka wa kwanza, na kazi hii naihitaji.

Leo haikuwa siku mbaya. Kila mwaka makarani huwaita watoto ukumbi wa chini kutengeneza mapambo ya Halowini ya madirisha ya mahakama. Trei za mayai tulizikata, tukazipaka rangi nyeusi – popo hao. Madumu ya maziwa tuliyachora macho na meno. Kisha mizuka ya unyayo: mtoto anavua soksi, anakanyaga karatasi, unazungusha penseli, anakata, kisigino kinageuzwa juu kuwa kichwa. Macho mawili ya wino, basi. Karatasi nilizibeba mimi kutoka ofisini, zile za kutupwa, zilizoandikwa upande mmoja.

"Kwa mguu huo unaonuka mzuka wako utamaliza mizuka yetu yote," Toby Krall alimwambia mwenzake. Ugomvi. Soksi zikaruka.

Maren Sudek, miaka minane, alikaa pembeni na karatasi moja muda mrefu. Mama yake alifariki Agosti. Nikamwambia, "Lete nikubandikie dirishani, mpenzi." Akasema, "Huyu hakai hapa. Huyu wangu." Akamtia ndani ya koti.

Jumatatu, 27 Oktoba

Barua ya Elise Sudek, marehemu mama yake Maren, haipo.

Alhamisi iliyopita Gretchen, mdogo wake Elise, aliileta kaunta. Elise aliiandika kwa mkono wake hospitalini, akitaka Maren alelewe na Gretchen. Nakala hakuna. Mashine yetu ya kunakili imekufa, fundi anangojwa. Kesi ni Jumatatu ijayo. Baba mdogo wa mtoto, anayeishi Arizona na amemwona mara mbili tu, anamtaka. Kwa upande wa Gretchen kuna barua hiyo. Basi.

Ofisini kwetu kila karatasi hulala kifudifudi, wanaosimama kaunta wasisome mambo ya wenzao. Ya jalada kifudifudi. Ya kutupwa kifudifudi. Barua niliiweka mezani, kando ya zile za kutupwa, nisubiri fundi. Jumamosi nikakumba zote.

Bi. Haverkamp akauliza, "Jalada la Sudek limekamilika?"

Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini. Limekamilika, nikasema.

Jumanne, 28 Oktoba

Nilifika kabla ya wenzangu nikabandua mizuka yote ya madirishani. Thelathini na mmoja. Bwana Tully, mlinzi, alisimama na kikombe chake cha kahawa.

"Unavunja nyumba za watoto, binti?"

Nikasema gundi inaharibu vioo.

"Wamefanya hivi miaka ishirini, vioo havijalalamika."

Mgongoni mwa mizuka: orodha za zamani, matangazo ya makaa ya mawe, barua za watu waliokwisha kusahau. Nikaibandika upya, mmoja mmoja. Halafu, nyuma ya bomba la kupasha joto, kipande chembamba, kimekatwa kwa mviringo kama ubavu wa mguu. Mwandiko wa Elise. *"…alelewe na dada yangu Gretchen, si mtu mwing…"* Kinaishia hapo. Sahihi haipo.

Nikakumbuka lile koti.

Jumatano, 29 Oktoba

Nilipita kwao baada ya kazi. Gretchen alikuwa akikusanya majani uani, maboga matatu ngazini, moja limechongwa uso wa kusinzia.

"Karani wetu! Niambie habari njema, maana sili, silali."

Nikauliza habari za mapambo. Nilijisikia mwizi.

"Ule mzuka wake? Kaubandika chumbani nyuma ya pazia. Hataki niuone. Nimemwacha, kila mtu humu ndani siku hizi ana pembe yake ya kulilia."

Palikuwa na nafasi ya kusema. Nafasi kubwa kama lango. Nikanywa maji ya tufaha aliyonipa, nikashukuru, nikaondoka.

Alhamisi, 30 Oktoba

 Bi. Haverkamp anasema Jaji Ostrander hapokei maelezo ya barua, huitaka barua yenyewe.

Ijumaa, 31 Oktoba

Jioni watoto walikuja mlangoni kwangu magenge kwa magenge na mifuko yao, kuomba peremende za Halowini. Maren alikuja amevaa shuka lenye matundu mawili. Gretchen alisubiri barabarani. Nilichuchumaa, nikajifanya nachagua peremende.

"Maren, mzuka wako una maandishi mgongoni?"

"Ni mwandiko wa mama. Nilipogeuza tu niliujua."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye uliyetuambia tukate."

 Akaendelea, shuka likipanda na kushuka mdomoni: "Nilikata polepole. Jina lake sikuligusa. Liko penye vidole."

Nikamwambia jaji anauhitaji, ili abaki na mama mdogo.

"Akishausoma atanirudishia?"

Mimi karani. Najua kinachoingia jaladani hakitoki. Nikamsogezea bakuli la peremende.

"Basi," akasema. Akachukua peremende moja tu.

"Songa wewe shuka," Toby Krall akasema nyuma yake, "na wengine tuna njaa."

Jumapili, 2 Novemba

Kipande changu kina maneno. Mzuka wake una sahihi. Kimoja bila kingine ni takataka.

Nikimwambia Bi. Haverkamp, atatuma askari auchukue kutoka chumbani kwa mtoto. Nikinyamaza, kipande hiki kinaingia jikoni motoni na hakuna atakayejua kosa ni la nani. Mchana nilishika kiberiti. Nikakirudisha kabatini.

Nimemwandikia jaji kurasa mbili. Nimesema kila kitu, hata ile "limekamilika." Nimemwomba ausome mzuka ukiwa mkononi mwa mtoto, nakala ndiyo ibaki jaladani. Anaweza kukataa. Fundi wa mashine ya kunakili anasema atafika kesho saa mbili asubuhi. Ameshasema hivyo mara tatu.

Mwanzoni mwa daftari hili niliomba neno lisitoke. Nalifuta ombi hilo.

Sasa hivi naenda kusukuma karatasi chini ya mlango wa kina Gretchen. Nimeandika hivi:

*Maren, mwambie mama mdogo kila kitu kuhusu mzuka. Kosa langu nitamwambia mwenyewe. Kesho msipite mlango mkubwa, Bi. Haverkamp asije akautwaa. Zungukeni nyuma, penye ngazi za makaa. Kuna dirisha la chini lenye popo wa bawa moja. Nitakuwa hapo ndani tangu saa moja asubuhi. Mkinikosa, mwulizeni Bwana Tully, yule karani aliyebandua mizuka yuko wapi. Atacheka kwanza, kisha atawaonyesha. Ubavu wa mzuka uliokatwa ninao, uko salama kwenye bahasha. Mzuka ushike mwenyewe njia nzima. Usimpe mtu, hata mimi. Ukifika, gonga kioo mara mbili, niwafungulie twende wote kwa jaji.*