Gari Jekundu la Bakari

Mume wangu Shaibu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Mnyambe tu wazima, mikorosho imeanza maua, na mama yako anakusalimu.

Unasema wenzako huko Ujerumani wamekaribia kugombana: gari la spoti la umeme, lisilonguruma, bado ni gari la spoti kweli? Nimefurahi mno, maana ubishi huo naujua. Nilipokuwa msichana, kaka yangu Bakari alikuwa na gari jekundu la milango miwili. Injini ilikufa, akafunga ya gari jingine. Vijana wa mtaa wa Mkomaindo wakasema gari limekwisha: huyu anasema gari ni mlio wake, yule anasema ni injini yake.

Bakari akanipakia, tukapanda mlima wa Newala. Kila kona gari liliingia kama linaijua. Nikamkumbuka kijana anayetoka jandoni: jina jipya, nguo mpya, lakini mama yake anamtambua kwa mbali anavyotembea. Tulipofika juu, Bakari akaniuliza, "Ni lenyewe, au si lenyewe?"

Nikamwambia, "Geuza, tushuke tupande tena."

Basi hilo la umeme lipeleke mlimani. Ukifika juu ukatamani kushuka upande tena, ni lenyewe; ukikumbuka chai, si lenyewe.

Mkeo mzee,
Bibi yako Somoe