Waliomcheka Mla Unga

Kaka yangu Khamis,

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mimi na mwanao Maryam tulikwenda kwa Bi Asha, jirani yetu hapa Jadida, kuangalia filamu ya kuchekesha. Alikuwamo mlevi anayezungumza na mbuzi, na mwenziwe, mla unga wa kulevya, anayesinzia wima, kainama mpaka paji la uso linakaribia magoti, na sahani ya wali mkononi haimwagiki. Nyumba nzima ilicheka. Mimi nilishindwa.

Nilikumbuka uliporudi kutoka Unguja. Wewe ndiye uliyekuwa ukituigizia watu pale uani, mpaka mama akisema siku moja utamuigiza na yeye. Basi nilipokukuta kisimani umesinzia wima, kamba ya ndoo mkononi, nilidhani ni igizo jipya. Nilicheka, kaka. Nikakupigia na makofi. Ukafumbua macho, ukatabasamu kidogo, kama mtu anayeomba radhi.

Yule wa kwenye filamu alimwagiwa maji ya baridi, akazindukana, na mwishoni akaoa.

Njiani Maryam akaniuliza kama babaake alikuwa vile. Ulimwacha ananyonya, sasa ana miaka kumi na mitatu, na wenzake wa skuli walishamwambia kuwa ni unga uliokuua. Sisi tulimwambia ulikufa kwa homa. Nikakaa naye barazani, nikamweleza yote, na yale ambayo filamu haikuyaonesha: kwamba mara mbili ulitaka kuacha, ukaingia chumbani kwa mama, ukatuomba tukufungie kwa nje. Ulitapika, ukatetemeka, ukawa unatusihi nyuma ya mlango: "Hata nikilia, msinifungulie."

Mara ya pili mama hakukiweza kilio chako. Alifungua. Hakuna aliyemlaumu, lakini mwenyewe hajajisamehe.

Maryam akasema, "Basi baba alikuwa hodari, shangazi. Alijaribu mara mbili."

Tangu tukuzike, wapo waliokuita maskini, wapo waliokuita mpotevu. Hodari hakukuita mtu, hata mimi niliyekuwa nyuma ya ule mlango. Nimekuandikia kwa sababu neno hilo ni lako, na limetoka kwa mwanao.

Mola akulaze pema, kaka.

Dada yako mdogo,
Hapa Wete