Tundu Kwenye Nguo ya Ukumbi

Nsambya, Kampala

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu nikiwa mbali. Goti lako limekubali kupanda ngazi, au bado unamtuma Bi Mdogo dukani na kumgombeza akichelewa? Sisi miili ni mizima. Mkweo Salim anaendelea na treni zake, na barua hii inakuja kwa mkono wa mwenzake wa kazini, kwa hiyo naweza kuandika yaliyomo moyoni.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipokwambia tumeanza kushona picha na wanawake wa kota hizi za reli na polisi? Ulisema binti asiyejua kupiga pindo atamfunza nani. Kweli, sikumfunza mtu. Tulitaka ukumbi wetu uwe na kitu chetu ukutani, na sisi ni Waganda, Waacholi, Wakongo na mimi wa Mombasa, tunaelewana kwa Kiswahili cha kuvunjavunja. Tukakubaliana kila nyumba ishone inachokipenda, kisha vipande vyote vishikizwe juu ya nguo moja kubwa ya gome la mti. Tuliinunua Kasubi kwa fundi mmoja, Mzee Kaggwa.

Mzee alitutazama sana. "Nyabo, hii nguo sisi nazika nayo watu," alisema. "Nyinyi nataka kuweka kwa ukuta, ya furaha?"

"Kwetu Acholi hatuziki na hii," Mama Akello akamjibu. "Kwetu haina neno." Tukacheka, tukaibeba.

Mama Akello ni jirani yangu wa ukuta mmoja, ndiye aliyenipokea nilipofika hapa sijui hata kumenya matoke. Mumewe alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya polisi. Akamshona na tarumbeta yake mdomoni, mashavu yamevimba, nasi tukamtania kwamba amempunguza tumbo.

Mama, yule bwana wamemchukua. Mchana, mbele ya watu, kwa gari lisilo na namba. Mkewe alizunguka kila mlango wa serikali, mpaka mtu mmoja akamwonea huruma akamnong'oneza asitafute tena aliye hai. Maiti hakupewa. Matanga nayo hayakuwezekana, maana wao wanasema hawakumchukua, na kumlilia ni kuwaita waongo. Ilimbidi aende bombani na ndoo yake, aitikie salamu. Nilikuwa namsikia nyuma ya ukuta akilia huku ameuma nguo. Moyo wangu umevunjika, sina neno jingine.

Siku moja akaja kuniomba makasi. "Rehema, mimi nataka bwana yangu," alisema. "Nakwenda kuzika yeye nyumbani."

Tulikusanyika ukumbini, wala hakuna aliyebisha. Hatukufumua picha peke yake. Nilikata na gome lililokuwa nyuma yake, tukamviringisha ndani yake kama Waganda wanavyowafanyia maiti wao. Mama Akello akamlaza kikapuni chini ya unga, akapanda basi la Gulu. Ameleta salamu kwamba walimzika penye makaburi ya babake, na kwamba alilia kwa sauti mpaka ikamkauka. Nilishukuru, nami nikalia.

Juzi ukumbi ulifunguliwa. Afisa aliyekuwa mgeni wa heshima akasimama mbele ya nguo yetu.

"Hapa kwa nini iko tundu?"

Mama Furaha, yule Mkongo muuza samaki, akasema, "Ni panya, afande."

Akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, ulionyooka. "Panya ya hapa nachagua," alisema. "Shoneni hiyo."

Hatujalishona. Tangu siku hiyo wanawake wawili wengine wamekuja kwangu kuomba makasi.

Nisalimie Bi Mdogo, na kaka Athmani pamoja na mkewe, na shangazi aliyenipa ile sindano ndefu, umwambie imefanya kazi. Mwalimu wangu wa chuoni mwombe atusomee dua, asiulize ya nini.

Kipande changu mimi ni Salim, amesimama juu ya injini, kofia imemkaa upande. Bado kipo. Akiwa safarini, mimi huingia ukumbini kila asubuhi, nikakishika kwa vidole, ndipo nikaenda bombani. Makasi nimeyaficha, Mama, nisije nikayahitaji.

Mwanao akupendaye,
Rehema