Pazia la Skrini

Jumatatu, 13 Machi 1995
Pazia limefunguka tena. Ni dirisha jeusi la programu niliyoiandika mwenyewe: karani akitoka kaunta, analiweka lifunike kompyuta. Kipanya kikisogezwa tu, linaondoka. Bi Zuhura alikwenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, mteja ameinama kwenye skrini, anasoma habari za mzigo wa mwenziwe. Meneja amefoka, eti Bi Zuhura hafuniki. Amempiga marufuku kutoka kuswali. Anataka nithibitishe kwa maandishi kwamba programu haina kasoro.

Siandiki.

Jumanne, 14 Machi
Bi Zuhura kaapa, "Wallahi mwanangu, nafunika. Na hicho kipanya sikigusi."
Namwamini. Meneja na anune.

Jumatano, 15 Machi
Siku nzima natazama skrini. Pazia limetulia tuli. Macho yanauma. Ofisi nzima hapa Changamwe inanicheka.

Alhamisi, 16 Machi
Nilimuuliza Bi Zuhura hufanya nini hasa kabla ya kwenda kuswali. Kumbe huanzisha printa kwanza, ili mashine ifanye kazi naye hayupo. Tukafanya vivyo hivyo. Printa ikamaliza, kidirisha cha "tayari" kikatokea juu ya pazia, kikatoweka. Pazia nalo likaenda zake! Kipanya hakijaguswa. Nikang'oa waya wake nyuma ya kompyuta, tukarudia. Likaondoka vilevile.

Kumbe kidirisha kikitoweka, Windows yenyewe huliambia pazia kwamba mshale wa kipanya uko juu yake. Programu yangu ikadhani kipanya kimesogea. Sasa inalinganisha kwanza mahali mshale ulipokuwa na ulipo. Pakiwa pale pale, pazia halibanduki.

Nimefurahi hadi nimepiga kigelegele, peke yangu, kama mwehu.

Ijumaa, 17 Machi
Nilimwonyesha meneja, waya wa kipanya mkononi. Akatazama. Akasema, "Vizuri. Lakini kuswali ataswali nyumbani kwake."

Kwa hiyo haikuwa skrini. Haikuwa skrini tangu mwanzo. Nina hasira ya kutafuna meza.

Jumatatu, 20 Machi
Adhana ya adhuhuri. Bi Zuhura kainamia karatasi zake, hainuki. Nikaweka pazia kwangu, nikaenda nikaweka na kwake.
"Twende, mama."
Tukapita mbele ya mlango wa meneja, ulikuwa wazi. Alituona. Hatukuharakisha.

Tuliporudi mapazia yote mawili yalikuwa yamekaa. Tukaketi, tukaendelea na kazi.